Shilingi Chini ya Mlamula

Nyumbani Buganguzi,
Muleba.
Jumanne asubuhi.

Kwa kaka yangu Audax,

Tumsifu Yesu Kristo. Kabla ya yote nakupa habari za Mama, maana najua ndiye utakayemuulizia kwanza. Anakula vizuri, mguu unamsumbua mvua ikinyesha tu, na tangu nifike hapa amenigombeza kuhusu namna ninavyomenya ndizi, namna ninavyofagia na namna ninavyosali, kwa hiyo ujue ni mzima kabisa. Nasi tunauliza, mmeamkaje huko Morogoro? Kile kifua cha Hellen kimepoa? Watoto wanaendeleaje na shule? Waambie shangazi yao anawakumbuka. Mimi mwili wangu hauna tatizo. Moyo ndio unaochemka, na ukisoma mpaka mwisho utajua nani ameuwekea kuni.

Usishangae kupata barua katika zama hizi. Nimekupigia simu tangu Ijumaa, na kila nikifika kwenye jambo lenyewe unasema tumeshinda, yaishe, uko kwenye kikao, mtandao unasumbua. Kaka, mtandao wa Morogoro hausumbui mpaka mimi nitaje shilingi? Basi nimeamua kuandika. Karatasi hii haina kitufe cha kukatia. Nitaipeleka Bukoba mjini iondoke na basi la kesho, na tafadhali usiisome nusu ukaitia mfukoni, maana nakujua.

Kweli tulishinda, hongera. Lakini nataka nikueleze tulivyoshinda, kwa sababu wewe uliyekuwa mlalamikaji hukuwepo, na mimi uliyenituma niache kazi zangu Kitendaguro nije kukusemea ndiye niliyesimama pale juani. Uliniambia ni jambo dogo. Ulisema niwaeleze tu wazee wa baraza kwamba wewe ndiye msika, mrithi wa kibanja cha Baba, kwamba unataka kujenga upande wa chini, na kwamba jirani yetu Ma Alistidia aondoe mibuni yake aliyokuwa akichuma pale kwa hisani ya marehemu. Ulisema nusu saa inatosha. Tulikaa tangu umande haujakauka hadi watoto wa shule wakaanza kurudi nyumbani.

Ma Alistidia alisema kwa upole, kama anavyosema siku zote. Alisema hajawahi kuchuma kahawa ya mtu. Alisema mibuni ile aliipanda yeye na mumewe Kyaruzi, na mpaka wa zamani ulikuwa huku juu, karibu na mti wetu wa parachichi, si kule chini iliko milamula sasa. Aliporudi kutoka hospitali Bukoba mjini, akiwa na mwili wa mumewe kwenye gari, aliikuta milamula imehama na mibuni yake imebaki upande wetu. Alikuwa na maiti ya kuzika na watoto wa kulisha, akanyamaza. Baadaye Baba alimwita mbele ya watu akamwambia aendelee tu kuichuma, yeye hana neno. Watu wakamsifu Baba. Kumbuka hata padri aliisema habari hiyo siku tulipomzika, kwamba hapa amelala mtu aliyemwachia mjane kahawa ya shambani mwake. Mimi nililia kwa fahari siku ile. Nawe ulilia, usibishe.

Wazee walipomuuliza waliko mashahidi wake, alisema wote wameshakufa. Walipotuuliza sisi, nilirusha lile jiwe tulilokuwa tumeliandaa mimi na wewe. Niliwaeleza desturi ya ukoo wetu. Hapa naiandika kwa kirefu ili uwasomee watoto wako, wao waliozaliwa mjini hawajui hata mlamula ni nini. Ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mpakani, ndugu yake isale la Wachaga, ukiukata unachipua tena. Ukoo wetu haupandi mlamula mikono mitupu. Lazima chini ya shina la kwanza uweke fedha ya wakati huo, ili mpaka uwe na mizizi. Babu yake Babu aliweka simbi, yaani kauri. Aliyefuata aliweka hela ya Mjerumani, Babu akaweka senti kumi ya Mwingereza yenye tundu katikati. Baba alikuwa akijigamba kwamba mtu akichimbua mipaka yetu yote ataziona serikali zote zilizopata kupita Buhaya.

Nikawaambia wazee kwamba milamula ile ya chini Baba aliipanda pamoja na Kyaruzi mwenyewe, mwaka uliozaliwa wewe, sabini na nne, na kwamba chini ya shina la kwanza iko shilingi ya Mwalimu, ile yenye mkono ulioshika mwenge. Ndivyo Baba alivyotuambia sikuzote. Nikasema kwa sauti, mdomo wangu huu, kwamba kama hawaniamini mimi waiulize shilingi. Mwenyekiti wa baraza, huyu Kagaruki aliyechaguliwa juzijuzi, alifurahi sana. Nadhani alikuwa amechoka na maneno, akaona heri jembe.

Tukashuka shambani sote. Mama alikataa kushuka, alisema mguu. Wakachimba, na kweli, chini ya mizizi kikatoka kitu cha mviringo kama kidonge cha udongo mwekundu. Kagaruki akakisugua kwenye suruali, akakikwangua kwa ukucha, ukaonekana mkono na mwenge. Basi ikawa shangwe. Vijana waliokuwepo, ambao wamekulia kwenye simba wa mia mbili na nyati wa mia tano, waliipokezana kama vile imetoka kwa Farao. Kagaruki alisema shilingi hii anaijua, bibi yake alikuwa nayo, ndiyo ile ya enzi za Mwalimu. Wazee wakakubali kwa vichwa. Uamuzi ukatolewa palepale: mpaka ni wa zamani, Ma Alistidia aondoe mibuni yake kabla mwezi haujaisha.

Sasa Kaka, hapa ndipo unapopenda kukata simu. Vuta kiti.

Wewe umekuwa ukinicheka miaka yote kwa kazi yangu. Unaniita fundi hela. Unasema Mungu alinipa akili ya kusoma, nami nikaitumia kutoboa sarafu mbovu niwaning'inizie wageni masikioni. Sawa. Lakini kazi hiyo ndiyo iliyonifanya nizijue sarafu kama wewe unavyowajua wachezaji wa mpira. Wageni wanaoshukia hoteli za kule ufukweni wanapenda hereni za senti hamsini yenye sungura, wanapenda senti ishirini yenye ndege mbuni, wanapenda samaki wa senti tano. Wanyama wanauzika. Mwenge hauuziki, hakuna anayetaka mkono wa mtu shingoni. Kwa hiyo kwangu Kitendaguro nina kopo zima la shilingi za mwenge, na nimezitazama mpaka nimezichoka.

Na hizo shilingi ni za namna mbili. Upande wa mwenge ni uleule, mkono uleule, ukiutazama upande huo peke yake huwezi kujua tofauti upesi. Iliyobadilishwa ni sura ya upande wa pili. Ya kwanza ina sura ya Mwalimu. Halafu, mwaka themanini na saba, ikaanza kutoka shilingi yenye sura ya rais aliyemfuata, na mwenge wakauacha ulivyo. Madini nayo yakabadilika. Ya Mwalimu ina shaba ndani yake, drili inaingia taratibu, na ukiizika ardhini inafifia tu, hailiki. Ile ya baadaye ni chuma kilichovikwa nguo nzuri. Imenivunjia ncha za drili mpaka nikanunua sumaku ya kuzichambua. Sumaku haishiki shilingi ya Mwalimu hata uibembeleze. Ile nyingine inairukia. Na ukiizika ardhini inaota kutu.

Umeelewa? Kitu kilichotoka chini ya mlamula kilikuwa kimeota kutu, Audax. Kilikuwa chekundu! Niliona kabla Kagaruki hajaanza kukisugua. Niliiona ile rangi mkononi mwake nikajua, kama mama anavyojua homa ya mtoto kabla ya kumgusa. Hakuna hata mmoja aliyefikiria kuigeuza na kuikwangua. Mtu mmoja tu angeigeuza upande wa pili, tungeokoka. Wamefundishwa shule zote hizo, wana simu zenye mwanga mkali kuliko taa ya gari, na wote wakautazama mwenge! Mkono ule umebaki vilevile miaka yote, wao wakaona basi na mwaka ni uleule. Nilitaka kuwapiga makofi mmoja mmoja.

Kagaruki alinikabidhi shilingi niitunze, nikaenda nayo nyuma ya migomba. Sumaku ninayo kila siku mkobani. Ilirukia. Nikaigeuza, nikailowesha mate, nikaisafisha kwa pindo la kanga. Namba ya mwaka imeliwa, imebaki moja na tisa tu. Lakini nusu ya uso ipo, na si ya Mwalimu. Nimezitoboa nyingi mno siwezi kukosea. Fedha ya mwaka themanini na saba haiwezi kuwekwa chini ya mpaka wa mwaka sabini na nne. Kyaruzi alikufa mwaka tisini. Milamula ile ilipandwa katika miaka ile ya ugonjwa, wakati kila kibanja hapa kilikuwa na kaburi jipya na watu hawana nguvu hata ya kuulizana nani amefanya nini.

Nilirudi kwenye mkutano nikiwa na maneno yote mdomoni. Na hapo, kaka yangu, nakuungamia wewe kabla sijaungama kwa padri: sikuyasema. Nilifika wakati Ma Alistidia anaomba aione shilingi. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, akaipapasa kwa kidole gumba, akaugusa ule mwenge. Akasema basi, kama shilingi imesema hivyo, yeye amezeeka na kichwa kimemdanganya. Aliwaomba wazee radhi kwa kuwapotezea muda. Akaniomba radhi na mimi! Akanishika mikono miwili akaniita waitu, mtu wa kwetu, akasema nisimchukie, alikuwa akiamini kweli kwamba mibuni ni yake. Nami nikasimama pale na shilingi kiganjani, nikamwambia haidhuru, mama. Haidhuru! Hilo ndilo neno nililopata. Nililiogopa jina la Baba. Nilikuogopa na wewe, umeshalipa tofali.

Siku hiyohiyo nilimfuata Mama jikoni. Alikuwa anamenya ndizi. Nikaiweka shilingi kwenye kinu mbele yake. Akaitazama, akaendelea kumenya, na baada ya muda akasema ile ni yake. Nilidhani sikusikia vizuri. Akasema tena kwamba aliitoa yeye, kwenye fundo la kanga, ilikuwa chenji ya chumvi. Baba alikuwa ameshang'oa milamula na kuchimba mashimo mapya, lakini alikaa kando ya shimo la kwanza, hawezi kupanda. Aliogopa kuupanda mpaka bila kitu chini yake. Kuhamisha mpaka wa mgonjwa hakuogopa, Audax, aliogopa kukosea desturi! Akamwita Mama akamwomba shilingi ya zamani, ya Mwalimu. Mama hakuwa nayo. Akamjibu kwa hasira kwamba shilingi ni shilingi, aweke aje ale.

Nilimuuliza kwa nini alifanya vile. Mama anasema Baba hakuwa na njaa ya ardhi. Aliona Kyaruzi hatapona, akajua ndugu zake Kyaruzi watamfukuza mjane na kuuza kibanja kwa wageni, kama ilivyofanyika kwa wengine wengi. Akaona bora kipande kiingie kwetu kuliko kipotee chote, na kipande chenyewe ni cha kijana wake atakayerithi, apate pa kujenga. Yaani wewe. Kumbe ndugu za Kyaruzi hawakuja. Mjane alirudi, akazika, akakaa, akalea watoto wake. Basi Baba angerudisha! Hakurudisha. Mama anasema alishindwa kumtazama usoni, ndipo akatunga ile hisani ya kumwachia achume. Mtu amemwachia mwenzake kahawa ya mwenzake, na sisi tukamwimbia sifa kanisani. Sijui nimkasirikie Baba au nimlilie. Nafanya yote mawili, na leo hasira imetangulia.

Jumamosi nilikwenda kwa Ma Alistidia. Safari hii sikuogopa, au niliogopa nikaenda. Nilichukua shilingi ile, shilingi nyingine ya Mwalimu niliyoazima kwa jirani, na sumaku. Nilimwekea mkononi nikamwonyesha kwa kumgusisha, hii inashika, hii haishiki, nikamwambia yote, mpaka fundo la kanga la Mama. Nilitegemea atanifukuza. Alicheka, akasema kumbe akili yake ni nzima. Alilirudia neno hilo, akalia, akainuka akanipa kahawa ya kutafuna kama mgeni wa heshima. Kaka, siku mbili nzima mwanamke yule alikuwa amelala akiamini kwamba ameanza kupotewa na akili. Sisi ndio tuliomfanyia hivyo.

Nikamwambia basi asikate mti wowote. Akakataa. Anasema uamuzi umetolewa mbele ya watu, na mimi nimemwambia chumbani, na maneno ya chumbani hayahamishi mpaka. Aliyemshtaki ni msika, msika mwenyewe aseme. Nikakimbia kwa Kagaruki. Huyo ndiye aliyenimaliza kabisa. Nilimwonyesha sumaku, nilimwonyesha sura, akaitazama kwa aibu, maana amejua sasa, akaishia kusema kwamba kesi imefungwa na mimi si mlalamikaji. Nikamuuliza kama ukweli nao una mlalamikaji. Akasema nisimpigie kelele. Lakini alisema na hili, na ndilo linalonifanya niandike: ukimpigia wewe, ukasema mbele ya wazee wawili wakisikia kwamba unaondoa madai yako na kwamba milamula irudi karibu na parachichi, basi yamekwisha, hakuna karatasi wala gharama.

Hilo tu. Sauti yako. Najua tofali zimeshachomwa. Najua umeshamwonyesha Hellen ramani, na kwamba umepanga nyumba kwa miaka mingi, ukijinyima. Sikudharau. Unaweza kujenga huku juu, pafinyu lakini petu. Ukitaka kunikasirikia nikasirikie, nimezoea. Ukisema nimemvua Baba nguo kaburini, nitakujibu kwamba aliivua mwenyewe, mimi nimeikuta imening'inia.

Mama hataki nikuandikie. Sasa hivi amepita hapa na fimbo yake, akauliza naandika nini kirefu hivyo. Nikamwambia. Akasema nikuandikie kwamba yeye hajui lolote kuhusu shilingi, hajawahi kutoa shilingi, na kwamba mimi nasikia vibaya. Nimeandika kama alivyosema. Wewe ni mwanawe kama mimi, utajua mwenyewe la kushika.

Msalimie Hellen, mwambie majani ya kifua nimemfungia pamoja na barua hii, ayachemshe asubuhi. Wasalimie watoto mmoja mmoja kwa majina yao. Nawe jitunze, usiache kula kwa mawazo, na usinichukie zaidi ya inavyostahili.

Ningependa kuandika zaidi, lakini siwezi kukaa. Ma Alistidia ameanza kukata mibuni asubuhi hii. Anaikata mwenyewe, kwa mikono yake, anasema hataki isikike kwamba aliusubiri mwisho wa mwezi kama mtu mkaidi. Nimekwenda kumzuia, ameninyang'anya panga kwa adabu akaendelea. Kutoka hapa nilipokaa nalisikia. Linapiga, linanyamaza kidogo, mti unaanguka, linapiga tena. Mpigie Kagaruki.

Ni mimi mdogo wako,
Annastella